Hotuba Tuliyompigia Meneja Getini

Enzi zetu pale Sigowet, hotuba haikuwa kitu cha kuguswaguswa kwenye simu. Iliingia kichwani kwa kiboko. Tukiwa darasa la sita, Mwalimu Koech alitukaririsha hotuba ya yule mchungaji Mmarekani mweusi, ya binadamu wote kuwa sawa, Kizungu kitupu, mpaka nukta. Mimi nilifanyia mazoezi zizini. Ng'ombe wetu alizoea sana, ukimkamua bila hotuba anabana maziwa. Kogo, nyanya yangu, alisema, "Amesikia usawa wote huo, na bado amefungwa miguu."

Shida yetu ilikuwa geti. Shule ilikuwa ng'ambo ya mashamba ya majani chai, na njia fupi ilipita mbele ya nyumba ya meneja, mzungu. Mbwa wake walipita. Bata wake walipita. Sisi tulizunguka vilima viwili, umande umetulowesha mpaka mapajani, tunafika tumechelewa na fimbo inatungoja. Siku moja rafiki yangu Kiprono akasema, "Kwani hii hotuba ni ya nini? Twende tumpatie yote."

Tukajipanga getini, watoto kumi na wanne, kaptula zimetoboka, tukanguruma. Weh! Askari akavua kofia. Wachuma chai wakasimama na vikapu mgongoni. Meneja akatoka na kikombe cha chai, na kumbe hotuba anaijua! Alimalizia pamoja na sisi, machozi yakimtoka, akapiga makofi, akatugawia biskuti moja moja. Kisha akasema, "Mzuri sana. Sasa zunguka."

Tukazunguka tukitafuna, na tukachapwa kama kawaida. Nililia siku hiyo, na si kwa sababu ya fimbo. Niliamini kabisa yale maneno yangefungua geti.

Watoto wa leo wanaitazama hotuba hiyo hiyo nusu dakika, halafu wanasukuma kwa kidole wamwone paka akicheza densi. Ng'ombe wetu angewashinda mtihani.

Juzi nilikuwa nampeleka mjukuu wangu shule ile ile. Mzungu alishaenda zamani. Meneja siku hizi ni Kiprono, Kiprono wetu! Nikasema leo tunapita. Akatoka na kikombe mkononi, akanikumbatia, tukaikariri yote pale getini bila kuruka hata nukta. Akafuta macho.

"Hakuna kama enzi zetu, Chelangat," akasema. "Lakini hii ni kampuni. Zungukeni tu."

Kwenye kilima cha pili, nilipomaliza kumsimulia ya zamani, mjukuu akaniuliza, "Kogo, huyo mzungu aliwapa biskuti kweli?"

Nikamwambia ndiyo. Angalau enzi zetu kulikuwa na biskuti.