Mng'ao wa Macho ya Bibi

Kazi yangu ni picha. Nina kibanda pale Kyela mjini, karibu na wanapoegesha bajaji, chenye pazia la bluu kwa ajili ya paspoti, mashine ya kuchapia, na kiti ambacho mteja akikikalia kinalia kama bata. Shule niliishia kidato cha nne, na matokeo yangu siyataji hapa kwa sababu hayana uhusiano wowote na uzuri wa dunia. Paspoti ndizo zinazonilisha. Ila kilichofanya watu wanijue kidogo ni picha za ziwa na milima, zile ninazozitia njozi.

Kutia njozi ni jina langu mwenyewe, wala usilitafute mahali. Unachukua picha, unaitolea nakala, nakala unailaza juu ya picha yenyewe. Ile ya juu unaiondolea ukali mpaka inakuwa kama kitu unachokiona ukiwa ndani ya chandarua. Unaiongezea mwanga. Halafu unaipunguzia nguvu kwa kidole, polepole, mpaka ile kali ya chini ianze kuchungulia. Mahali pa kusimamisha kidole ni padogo mno. Ukizidisha, mlima unakuwa uji. Ukipunguza, unabaki na picha ya kawaida, unaona mpaka mfuko wa plastiki ulionasa kwenye matete. Ukipatia, vitu vinakuwa kama vina mwanga wao wenyewe tumboni, na mtu anaiangalia picha anashusha pumzi.

"Hii ni Kyela hii hii? Yenye matope haya?" aliniuliza siku moja nesi aliyehamishiwa kwetu akitokea Mtwara.

"Ni hii hii, dada. Ngoja ikuzoee."

"Basi na mimi nitie njozi, niwatumie nyumbani wajue sijatupwa."

Nikamtia. Wengi huniuliza nilijifunzia wapi. Mambo ya vidole nilijifunza kwenye simu, kwa video za watu. Lakini kuona kwenyewe, ule mng'ao wenyewe, niliupata kwa bibi yangu.

Bibi ni mama yake mama. Anaishi na mama kijijini kwetu, upande wa ziwani ukiwa umeshaipita Ipinda, kwenye nyumba yenye migomba nyuma na mikokoa ubavuni. Mimi nilikulia hapo, na mpaka leo kila mwisho wa wiki nafunga kibanda, napanda bodaboda, narudi. Bibi ananiita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wake wa kiume, ila yeye utani huo anaufanyia kazi kwelikweli.

"Ugonile, mke wangu!" namsalimu kwa Kinyakyusa, yaani umelalaje, nikiwa bado kwenye pikipiki.

"Nimelala, lakini peke yangu. Mume gani wewe wa kulala mjini? Umeleta sukari au umeleta meno tu?"

Jioni moja ya masika tulikuwa tumekaa barazani, mvua imekata, taa ya sola imeshawashwa. Bibi akaitazama ile taa kwa muda, kichwa amekiinamisha upande.

"Mume wangu, hivi umeona taa hii inavyovaa siku hizi? Inavaa kilemba. Cha rangi rangi, kinaizunguka yote."

Nikaitazama. Niliona taa na kumbikumbi. Lakini lile neno kilemba liliniingia kama pipi mdomoni.

"Na mlima je?" nikamuuliza. Kutoka barazani kwetu milima ya Livingstone inaonekana yote, imesimama ng'ambo ya maji kama ukuta.

"Mlima umejitanda shuka nyeupe. Kila kitu kimekuwa laini. Hata ziwa halina ukingo tena, limeungana na mbingu."

Nilimwona ni mtu wa ajabu. Hapo ulipo mlima, mimi nilikuwa naona mawe na mifereji ya mvua na kijani. Yeye, na umri ule, alikuwa anaona harusi. Kesho yake alfajiri, taa ikiwa bado inawaka, nikapiga picha nikiwa nimesimama pale pale alipokaa, nikaanza kuhangaika nayo mpaka taa ikavaa kilemba na ziwa likapoteza ukingo. Nikampelekea simu. Akaisogeza karibu kabisa na pua.

"Ee. Ndivyo. Ndivyo kabisa! Ndaga fijo, asante sana, mume wangu, umeniona."

Sijawahi kusifiwa na mtu nikafurahi vile. Tangu hapo ikawa desturi yetu. Nikifika, kabla hata sijanywa maji, nauliza: "Mke wangu, leo mlima umevaaje?" Naye ananipa. Leo umevaa moshi. Leo umevaa maziwa. Leo sijauona, nadhani umekwenda sokoni. Mimi nacheka, nakwenda kupiga, narudi mjini, naediti kwa maneno yake. Picha zikawa zinazidi kulainika wiki baada ya wiki, na watu wakazidi kuzipenda. Moja mgahawa wa mjini ukaichapisha kubwa, ukaiweka kwenye fremu ukutani juu ya friji ya soda. Ilikuwa ni ile ya ziwa lisilo na ukingo.

Sasa niseme habari ya ungo, maana bila hiyo mtu hawezi kuelewa.

Kwetu mchele si chakula tu. Watu wa mbali wanaufuata mchele wa Kyela kwa jina, na mgeni akila kwako akakuta changarawe, habari inafika kwao kabla yake. Katika nyumba yetu mama anatwanga au anapeleka mashineni, dada yangu anapika, lakini mkono wa mwisho ni wa bibi. Anakaa kwenye mkeka na ungo mapajani, anapeta, anachambua chuya moja moja, mawe moja moja, na mpaka aseme "haya," hakuna mtu wa kugusa sufuria. Ndio cheo chake. Nimemwona akiugua malaria anachambua akiwa amelala ubavu.

Basi changarawe zikaanza kuonekana kwenye wali. Kwanza moja, halafu mara kwa mara. Tukazifanya mzaha. Dada akawa anasema bibi ameanza kututoza kodi ya meno. Mama akawa anailaumu mashine, kwamba sakafu yao mbovu. Na bibi naye akawa wa kwanza kuilaumu: "Watu wa siku hizi wanasaga mchele na barabara pamoja." Tulicheka. Alikuwa pia anamimina chai pembeni ya kikombe, na hilo nalo tukasema ni baraza lina giza.

Kisha wakaja watu wa posa ya dada. Walikuja wazee wa upande wa pili kutoka Ngana, wamevaa makoti kwenye joto lile, na mama alikuwa amechinja kuku na amepata mbasa, samaki wazuri kutoka ziwani. Bibi alichambua ule mchele tangu asubuhi, hakutaka mtu amkaribie. Tulipokula, mjomba mkubwa wa bwana harusi akauma. Ule mlio sote tuliusikia. Akatoa kitu mdomoni kwa adabu, akakiweka ukingoni mwa sahani. Akaendelea kula. Akauma tena.

Mzee mwenyewe alikuwa muungwana, akasema, "Ndio maana meno huwekwa mengi." Wakacheka, mazungumzo yakaendelea, posa ikapita vizuri. Lakini bibi hakucheka. Aliinuka akijishika kwenye ukuta, akaenda kukaa nyuma ya nyumba kwenye kigogo, karibu na mahali kokoa zinapoanikwa.

Nikamfuata. Nilitaka kumchangamsha, na njia yangu ya kumchangamsha mtu ni moja tu. Nikatoa simu.

"Mke wangu, achana na meno ya watu. Nisaidie kazi. Hii nimeipiga leo asubuhi, bado sijaitia kitu. Nitasogeza kidole, wewe ukiona imefika, sema simama."

"Haya."

Nikamwekea simu karibu na uso, kama anavyopenda. Nikaanza kusogeza. Mlima ukaanza kung'aa, kingo zikalainika, maji yakachanganyika na mbingu. Nikapita pale pazuri. Hakusema simama. Nikazidisha. Mlima ukawa uji kabisa, hukuweza kujua kama ni mlima au ni shuka.

"Anza basi," akasema bibi.

Nilidhani ananitania. Nikarudisha kidole mpaka mwanzo, picha ikawa kali, matete yanaonekana moja moja. Nikasogeza tena mpaka mwisho. Nikarudisha.

"Mbona huanzi?"

Harufu ya kokoa zilizoanikwa, ile ya uchachu, mpaka leo ikinipata nasikia neno hilo. Nilikaa na ile simu mkononi, kidole kikienda na kurudi, na mbele yangu macho ya bibi yameitazama kwa utiifu wote, yanasubiri kitu kitokee.

"Bibi," nikasema. Sikumwita mke wangu. "Kile kilemba cha taa. Unakiona kwa macho? Siyo maneno tu?"

"Sasa ningekiona kwa kitu gani, kwa magoti?"

"Na mlima?"

"Mlima naujua ulipo. Kwa upande huu," akagusa shavu la kulia, "sijauona tangu zamani. Kwa huku naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mlango, na tundu lenyewe lina moshi. Mama yako usimwambie."

"Kwa nini, bibi?"

"Watanichukulia ungo."

Nikamuuliza kitu ambacho hadi leo natamani nisingekiuliza. "Sasa mbona mimi uliniambia? Kila wiki ulikuwa unaniambia."

"Nilikuambia wewe kwa sababu wewe ulifurahi."

Alisema hivyo bila kunilaumu. Alisema kama mtu anayekueleza kwa nini alikuwekea kipande kizuri cha samaki.

Nilimwambia mama jioni ile ile, wageni walipokwisha kuondoka. Tukampeleka Mbeya. Kwenye basi bibi alivaa kitenge chake cha kanisani, na kila tulipopanda mlima alikuwa anauliza, "Tumefika kwenye baridi?" Daktari wa macho alikuwa mama wa makamo, mpole. Alimpima kwa muda mrefu, akatuita ndani.

"Ni presha ya macho," akasema. "Na mtoto wa jicho pia yupo. Huyo tunaweza kumtoa. Lakini presha ikishaua mshipa, kilichokwenda hakirudi. Tunaweza kulinda kilichobaki tu, kwa dawa ya matone. Jicho la kulia limekwisha. Hivi hakuwahi kusema kwamba anaona miduara ya rangi kwenye taa? Kwamba vitu vina ukungu?"

"Hapana, daktari," mama akajibu haraka. "Huyu mama yangu hajawahi kulalamika hata siku moja."

Ni kweli, hakuwahi kulalamika. Alisema kilemba. Alisema maziwa, alisema shuka nyeupe. Nami yote hayo nilikuwa nayo mfukoni, kwenye simu, yamepangwa vizuri, na mengine watu wameyapenda mtandaoni kwa mioyo myekundu.

"Aliniambia mimi," nikasema. "Sikujua kwamba ni ugonjwa."

Mama alinitazama, akaushika mkono wangu. Hakuna aliyenigombeza, wala daktari. Aliniambia tu kwamba ndugu wengi huwa hawajui, na kwamba hata mimi na mama tupimwe. Tulipimwa, tuko salama. Ingekuwa afadhali wangenigombeza kidogo.

Watu wananiambia nisijitese, sikuwa daktari. Najua. Ila mtu wa picha anatakiwa awe na macho, na mimi kila wiki nilisimama nyuma ya bega la bibi nikatazama alipotazama yeye, nikaona mlima mkali kabisa, mawe yake na mifereji yake, wala sikujiuliza kwa nini yeye hauoni. Nilifikiri tuna dunia moja na yeye ana moyo mzuri zaidi. Nyakati nyingine nazifungua zile picha kwa mpangilio, ya kwanza mpaka ya mwisho, naona jinsi ukungu unavyoingia. Nilichokuwa napiga kumbe si ziwa.

Bado natia njozi za wateja, siwezi kuwanyima watu kitu wanachokipenda, na yule nesi amekuwa rafiki, ndiye aliyenifundisha namna ya kuweka matone yasimwagike shavuni. Pale mgahawani nikipita huwa nakaa upande wa mlangoni, nimeupa mgongo ule ukuta. Nilitaka niwaombe waishushe ile picha, nikaona nitaanza vipi kueleza. Imebaki.

Mtoto wa jicho alitolewa, na moshi ukaondoka kwenye lile tundu, lakini tundu lilibaki tundu. Ungo haujachukuliwa. Mama alikaa naye, wakakubaliana: bibi anapeta, kwa sababu mikono yake inajua, na mama anachambua, halafu ungo unarudi kwa bibi, anapitisha vidole mara ya mwisho, anasema "haya." Hakuna anayegusa sufuria kabla ya hapo.

Jumamosi nikifika siulizi tena mlima umevaaje. Namwekea matone.

"Fungua jicho, mke wangu."

"Linachoma, wewe! Mume gani wa kumwaga pilipili?"

Tukimaliza, ndipo ananiambia anachotaka. Nakaa nyuma yake barazani, namshika kidevu kwa vidole viwili, nausogeza uso wake polepole, kushoto kidogo, juu kidogo, namna ninavyompanga mteja wa paspoti. Anafumba lile jicho lisilo na kazi. Nasogeza mpaka nasikia pumzi yake inashuka.

"Hapo," anasema. "Hapo hapo, usinitikise. Nimeona mfereji. Kuna mfereji mweupe unashuka, ni maji yale?"

"Ni maji, bibi. Mvua ilinyesha jana kule juu."

"Ulikuwepo siku zote?"

"Ulikuwepo."

Anautazama. Mkono wangu unachoka, lakini siuondoi.