Laptop Iliyougua Jikoni

Asubuhi moja ya Julai, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Ukungu ulikuwa umekifunika kijiji chetu chote cha Kwai, na mume wangu, Baba Neema, amesimama mlangoni na laptop yangu kwapani.

"Leo hushuki mjini Lushoto," akasema. "Ukishuka, fungasha na vyako, upitilize kwenu."

Wakati huo nilikuwa nachapa kazi za watu: kadi za harusi, barua za kuomba kazi, mihtasari ya vikao vya usharika. Mwanzo nilikuwa na meza kwenye fremu ya duka, barabarani. Baba Neema hakupenda wanaume wanavyoinama begani kwangu kusoma kazi zao, akanihamishia nyumbani. Nisimwonee: alisema pia kwamba barabarani kuna baridi, na jikoni kuna moto. Basi nikawa nachapa kando ya jiko la mkaa, huku makaa yanapepewa na uji unachemka.

Haukupita muda, laptop ikaanza kuzima yenyewe. Naandika, kioo kinakuwa cheusi. Nampelekea Sufiani, fundi wa mjini, anaipiga windo, yaani anafuta programu zote na kuziweka upya. Kwake inatulia. Nikiirudisha nyumbani, inazima tena. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mwanamume mwenye wivu: kila mara mke anavaa sweta zuri, anashuka kwa kijana yuleyule.

"Hiyo mashine inamjua," aliniambia. "Ikimwona tu, inapona."

Niseme kweli, Sufiani alikuwa mcheshi, nami nilikuwa nacheka. Kama nilizidisha, sijui. Mpaka leo najiuliza.

Asubuhi ile mama mkwe alisikia kelele, akaja. Alitusikiliza wote wawili, kisha akasema, "Huyo fundi apigiwe simu aje. Tukaione inapougulia."

Sufiani akaja na bodaboda. Akamwamkia mama shikamoo, akaitikiwa. Baba Neema akamsukumia laptop. Fundi akaiweka laptop palepale ninapochapia, akaiwasha, akaisimamisha kwenye ukurasa wa mipangilio, ule unaotokea kabla windo, ile programu kuu, haijafunguka.

"Hapa programu zako bado zimelala," akaniambia. "Ikizima hapa, tusizisingizie. Tatizo litakuwa kwenye mashine yenyewe."

Tukakaa, tunaitazama. Uji haujaiva, ikazima.

Akaifungua kwa bisibisi. Feni ilikuwa imeshikwa na majivu, matundu ya hewa yote yameziba. Ilikuwa ikipata joto kali, inajizima isije ikaungua. Akaisafisha kwa brashi, akaiwasha sebuleni. Tukanywa uji, tukaosha vyombo, bado inawaka.

Mama mkwe akamgeukia mwanawe. "Haya majivu umeyaleta wewe na wivu wako. Nani aliyeihamishia jikoni?" Kisha akamgeukia fundi. "Na wewe, kila siku windo, windo. Kufungua ulikuwa unaogopa nini? Nyumba ya watu ilikuwa inavunjika."

"Nilikosea, mama," Sufiani akasema.

 Mimi alinitazama, nikaelewa kwamba kile kicheko changu nacho kilikuwa na lawama.

Kesho yake Baba Neema akaibeba ile meza begani, akairudisha kwenye fremu. Wivu haukumwisha. Alikuwa anapita pale kwenye fremu ati kununua vocha, na simu yake ina salio.

Basi, mwanangu, mimi nimeishia la saba, wenye ujuzi watanisahihisha. Laptop ikizimazima, isimamishe kabla windo haijafunguka. Ikizima hapo, angalia feni, joto, chaji, vya ndani yake. Ikitulia hapo, halafu ikazima kila ukifungua programu fulani, hapo uishuku programu. Na mwenzio ukimshuku, usimfukuze kwa unachokiwaza. Nenda ukaone, uliza mbele ya watu wazima, jikague na wewe.

Mungu akujalie nyumba ambayo mtu akichelewa kurudi, swali la kwanza ni kama amekula.