Mama Mkwe, Daktari na Kidole Gumba

Umewahi kujiona jukwaani mara tatu kwa mpigo, huku umekaa zako nyuma ya ukumbi?

Mimi nimejiona. Sikuwa na homa wala sikuwa usingizini.

Mwalimu wetu wa maigizo, tunayemwita Mzee wa Pazia, alitangaza kwamba sisi wa darasa la mwisho tutaongoza wenzetu, kila mmoja na mchezo wake mfupi. Atakayeng'ara ndiye atakayeongoza mchezo mkubwa wa mahafali.

Kwa unyenyekevu wangu unaojulikana shule nzima, nilishamwambia mama kwamba kazi hiyo ni yangu. Mama akawatangazia mama wadogo wote. Hapo hakuna tena kurudi nyuma.

Nikapewa wenzangu watatu: Twiga awe daktari, Bonge awe mgonjwa, na Chiriku awe mama mkwe wa mgonjwa. Mchezo wa majonzi. Mungu anisamehe, hata viti vya ukumbini vilikuwa na hisia kuliko wao.

"Twiga, unamwambia mtu anakufa. Mbona kama unamtajia saa?"

"Sasa nifanyeje?"

"Kaa pembeni nikuonyeshe."

Neno hilo ndilo lililonimaliza. Nikaonyesha daktari anavyoingia, mgonjwa anavyougua, mama mkwe anavyolia. Mstari kwa mstari.

"Fanyeni kama mimi. Msiongeze, msipunguze. Tunaelewana?"

Chiriku akauliza, "Hata huo mkono?"

"Kila kitu."

Sikuuliza mkono gani. Waongozaji wakubwa hatuna muda na vitu vidogo.

Siku ikafika. Mama na wadogo zake walikaa mstari wa mbele, wamependeza utadhani tuzo ni yao. Mzee wa Pazia alikaa kiti cha pembeni.

Pazia likafunguka. Daktari akaingia, akasimama, akasukuma miwani juu ya pua kwa kidole gumba.

Hakuwa na miwani.

"Hali yako si nzuri," akasema. "Tunaelewana?"

Mgonjwa akajiinua kitandani, naye akasukuma miwani isiyokuwepo. Kwa kidole gumba.

"Nitapona, daktari? Tunaelewana?"

Mama mkwe akaingia analia, kidole gumba kimeshapanda.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama mdogo mmoja alikuwa anajifuta machozi, na si ya huzuni.

Pazia lilipofungwa nikawavamia nyuma ya jukwaa kwa hasira. "Mnanidhihaki mbele ya mama yangu?"

Chiriku akanitazama kwa huruma. "Si ulisema kila kitu? Ndivyo unavyofanya wewe."

"Mimi sijawahi kuvaa miwani maishani mwangu."

"Ndiyo maana niliuliza huo mkono."

Nikachungulia ukumbini. Hakuna aliyekuwa ananitafuta mimi. Wote walikuwa wanamtazama Mzee wa Pazia, aliyesimama mbele kutoa neno.

Akakohoa. Kidole gumba chake kikaanza kupanda kuelekea kwenye miwani yake, maana vidole vingine vina chaki siku zote. Kikafika katikati, kikakwama hapo hewani.

Watu wakacheka upya.

Miaka yote nimekaa dawati la mbele nikitamani kuwa yeye. Kumbe nilishambeba mzimamzima, nikasahau miwani tu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Akaja nyuma ya pazia taratibu. Nikajiandaa kufukuzwa.

"Mchezo wa mahafali atauongoza Chiriku," akasema. "Ndiye pekee aliyeuliza swali."

"Na mimi, mwalimu?"

"Wewe utaigiza."

"Kama nani?"

Akatoa mfukoni miwani yake ya zamani, akaniwekea mkononi.

"Kama mwalimu. Tunaelewana?"

Funzo ni hili, ndugu msomaji: ukiwalazimisha watu wawe wewe, jiandae kukutana na wewe. Na hakikisha huyo wewe ni wako.

Mama bado anawaambia mama wadogo kwamba nilishinda. Sijamsahihisha.