Piano ya Maonyesho na Jumapili Zangu

Jumamosi hiyo mama alitoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee anakofanya unesi, na badala ya kulala akaniambia nivae kitenge kinachofanana na chake. Tunaenda makumbusho, mjini Saint Paul, huku ughaibuni tunakoishi. "Nataka uone piano ya kweli," alisema.

Mimi nilikuwa nimepanga siku hiyohiyo kumwambia sitaki tena kupiga kinanda kanisani. Nimechoka. Kila Jumapili, halafu harusi, halafu misiba, na hakuna anayeniuliza mimi, wanamuuliza mama. Garini nikashindwa kusema. Tulipita mji wa Roseville yeye akipiga miayo tu.

Piano ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Mbao nyeusi zilizochongwa majani, malaika wa dhahabu kila pembe, wanawake wanaocheza wamechorwa ndani ya kifuniko. Kibao ukutani kilisema ilitengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya kimataifa, mataifa yaone ufundi. Hata kuitazama kulichosha. Hakuna mahali palipoachwa patupu.

Kwetu ukienda ugenini na mtoto anayejua kitu, anakifanya kidogo wenyeji wafurahi, ndiyo adabu. Basi mama akamwendea mlinzi, mzee wa Kizungu, akamwambia binti yake atapiga wimbo mmoja tu. Nilitamani ardhi inimeze.

"Haipigwi," mlinzi alisema kwa upole. "Nyuzi tumezilegeza. Tukizikaza, mbao zitapasuka."

"Hata sikukuu?"

"Hata sikukuu."

Mama akakaa kwenye benchi. Nikaona chini ya kitenge bado amevaa viatu vya kazini. "Kumbe imestaafu," alisema. "Na haina hata mkunjo mmoja."

Nikacheka, na kicheko kikanipa nguvu. Kwa kawaida huwa namjibu kwa Kiingereza. Safari hii nilisema kwa Kiswahili, asije akadhani namjibu jeuri. "Mama, naomba nipumzike kupiga kanisani."

"Unaumwa?"

"Hapana. Nimechoka."

"Umemchoka Mungu?"

"Nimekichoka kinanda."

Alisugua goti lake. "Kesho piga, kuna ubatizo," akasema. "Baada ya hapo nitazungumza na mchungaji. Mimi mwenyewe."

Kisha akaniegemea begani. Mlinzi alituona, akageukia dirishani.

"Lakini Krismasi utapiga," mama alisema, macho ameyafumba.

Dakika ileile akaanza kukoroma.