Alama Nyekundu Nyuma ya Kompyuta

Siku hiyo nyumbani tulikuwa watano. Nilikuwako mimi, kifungua mimba wa nyumba ile. Alikuwako ndugu yangu aniandamaye, aliyekuwa ametoka tu kumaliza chuo cha ufundi. Alikuwako shangazi yetu, dadake baba, na jirani wa mlango wa pili, mjane aliyekuja kutusaidia kupaka chokaa. Wa tano alikuwa karani wa ofisi moja ya Mbaraki, kule bandarini, mtu wa bara, ambaye hatukuwa tunamjua na aliyeingia baada ya alasiri. Wadogo zetu walikuwa madrasa, hawakuona kitu.

Chokaa tulipaka kila mwaka katika Shaaban, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Mtaa mzima ulifanya hivyo. Vitu hutolewa ukumbini, kuta hupakwa, vitu hurudishwa. Mwaka huo, katika vitu vya kutolewa, kulikuwa na kompyuta.

Haikuwa yetu. Ilikuwa ya ofisi ya yule karani, ofisi ya kuondosha mizigo bandarini. Tajiri wa ofisi hiyo alikuwa amempa ndugu yangu aichukue nyumbani na kuitia Linux, mtambo wa kuiendesha kompyuta, maana alisikia kwamba mtambo huo haununuliwi kwa bei kubwa kama mingine. Masharti yake yalikuwa mepesi kuyaeleza. Kompyuta irudi inafanya kazi kabla ofisi haijafungwa kwa Krismasi, na ndugu yangu ataanza kazi mwaka mpya. Isiporudi hivyo, yuko kijana mwingine, mtoto wa rafikiye.

Mimi nilitoka shule wazazi wetu walipokufa, mmoja nyuma ya mwenzake. Nilipika mahamri nikauza dirishani, na kwa mahamri hayo ndugu yangu alisoma. Sisemi hivi ili nisifiwe. Nasema ili kijulikane kile kilichokuwa juu ya ile meza ya kompyuta.

Linux yenyewe alikuwa ameitia wiki iliyotangulia, na ilikuwa ikienda vizuri. Lakini asubuhi ya siku ya mwisho aliletewa na mwenzake toleo jipya, akaona si vyema kupeleka la zamani hali jipya liko. Aliwasha kompyuta kwa diski ndogo, akatia sidi, akakaa nayo mpaka karibu na adhuhuri. Alipomaliza aliniambia imekubali. Akaizima kwa utaratibu wake, akaenda msikitini.

Sisi tulikuwa tunamngoja atoke ili tupake ukumbi. Shangazi alisema mashine ile itaingia chokaa, ihamishwe chumbani. Kabla ya kuchomoa nyaya alitaka ziwekwe alama. Kila nyumba pale mtaani ina alama yake. Ikiwa ni harusi au hitima, masufuria na sahani huazimwa nyumba kwa nyumba, na chini ya kila chombo pana tone la rangi la mwenyewe, ili mambo yakiisha kila kitu kirudi kwao. Alama yetu ilikuwa nyekundu. Shangazi alichukua lile kopo la rangi, akatia tone kwenye kila waya na tone kwenye kila tundu ulimotoka. Yeye na jirani walibeba mashine, walipaka ukuta, walirudisha mashine mahali pake, wakapachika kila waya mwekundu kwenye tundu jekundu. Mimi nilikuwa nikishika ngazi. Hapana aliyeona kosa, maana kwa macho yetu kosa halikuwako. Vyote vilikuwa vyetu na vyote vilikuwa vimerudi kwao.

Ndugu yangu aliporudi alisifu ukuta, akala, akawasha kompyuta. Maandishi yalishuka kwenye kioo kama kawaida, kisha yakasimama yakimtaka aandike jina lake. Akaandika, na jina halikutokea. Alibonyeza vitufe kimoja kimoja, kisha vingi kwa pamoja. Alisukuma kipanya huku na huku mezani, hakuna kilichotikisika. Kibodi haikusikia, kipanya hakikusikia, na kile kioo kiliendelea kuuliza jina.

Alituambia kwa sauti ndogo kwamba toleo jipya limeharibu. Limeondoa kitu kinachoiwezesha Linux kujua kibodi na kipanya. Nilimuuliza kwa nini asizime akaanza upya. Akasema kuizima kwa utaratibu kunataka kibodi, na kuichomoa ukutani kunaweza kuharibu yaliyomo ndani. Akakaa akaitazama. Jirani aliona afadhali aondoke, lakini shangazi alimshika mkono, akamwambia akae, nyumba yenye msiba haikimbiwi. Ndugu yangu hakucheka.

Mwisho aliichomoa ukutani, akaiwasha tena. Mashine ilichukua muda mrefu ikijikagua, mstari kwa mstari, kisha ikarudi palepale kwenye jina. Ikafika alasiri, na mlangoni tukasikia hodi.

Karani alikuwa ameacha gari ya ofisi barabara kubwa akaingia vichochoroni kwa miguu. Alitusalimu mmoja mmoja, akimwita shangazi "mama", na akasema ametumwa kuchukua kompyuta. Ndugu yangu alimweleza ukweli wote. Alimwambia pia kwamba akitaka aichukue vivyo hivyo, yeye hana la kusema. Nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni na nilijua maana ya maneno hayo. Karani alitazama kioo, akatazama saa yake ya mkono.

"Tajiri atafunga saa moja," alisema. "Nitangoja."

Tukampa kiti. Alikaa karibu na ukuta mbichi, chokaa ikamshika begani, akasema si neno. Nilimletea chai. Ndugu yangu alirudi kazini, na alichofanya sasa ni kutaka kulitia toleo upya tangu mwanzo. Alitia ile diski ndogo ya asubuhi, akaichomoa mashine ukutani, akaichomeka tena. Kompyuta ikaamka kutoka kwenye diski, ikamwambia abonyeze kitufe kikubwa cha kulia ili iendelee. Akabonyeza. Haikuendelea. Akabonyeza tena kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayejaribu embe kama limeiva.

Shangazi hakupenda ukimya. Alimgeukia karani.

"Na wewe mgeni, huna kwenu? Umekaa kama uliyekodi kiti."

"Ninako, mama," karani alijibu, akacheka. "Lakini kiti hiki ni kizuri."

Jirani alisema labda anangoja kuozwa, na kwamba nyumba hii haina mwari aliyebaki ila mimi, nami ni mkali. Karani alisema ukali hauna neno, chai ni tamu. Walicheka wote watatu. Mimi niliingia jikoni.

Niliporudi ndugu yangu alikuwa ameacha kubonyeza. Alikuwa ameshika mkono kidevuni.

"Dada," aliniambia, "diski hii haijui lolote nililofanya leo."

Sikuelewa, akanieleza. Ile diski ndiyo aliyowashia asubuhi, na asubuhi kitufe kilisikia. Lile toleo jipya liko ndani ya mashine, haliko ndani ya diski. Ikiwa mashine imeamka kwa diski na bado kibodi haisikii, basi toleo halina hatia. Kuna jambo jingine, na limetokea kati ya asubuhi na sasa.

Akaichomoa ukutani, akavuta meza kutoka ukutani, akapiga magoti nyuma yake. Akaufuata kila waya kwa kidole mpaka kwenye tundu lake. Kisha akauliza, bila kugeuka, nani ametia rangi hapa.

"Mimi, babangu," alisema shangazi. "Visipotee."

Akatuita tukatazame. Nyuma ya mashine kulikuwa na matundu mawili madogo ya duara, yamekaa jirani, sawasawa kwa umbo kama sahani mbili za seti moja. Moja la kibodi, moja la kipanya. Juu ya kila moja palikuwa na tone jekundu, na kila waya ulikuwa na tone jekundu. Waya wa kibodi ulikuwa umeingia kwa kipanya, na wa kipanya kwa kibodi. Shangazi alitazama sana. Akasema anaona kila kitu kiko kwetu. Ndugu yangu akamjibu kwamba ndivyo, kiko kwetu, lakini kimelala chumba kisicho chake.

Alibadilisha nyaya, akatoa ile diski, akawasha. Mashine ilijikagua tena, polepole kuliko mara ya kwanza, na mwanga wa nje ulikuwa ukipungua. Ilipouliza jina, akaandika, na jina likatokea. Jirani alimshukuru Mungu. Kipanya hakikuamka. Hicho, alisema ndugu yangu, kweli kimeharibiwa na toleo jipya, na atakishughulikia akipewa nafasi. Karani alisema ofisini kazi yote ni ya kibodi, kipanya kingoje mwaka mpya. Akamwambia afungue mahali pa kuandikia hesabu za mizigo, akaandika mwenyewe mstari mmoja, akaridhika.

Wakati wanafunga nyaya nilikata mkate wa sinia, nikauweka kwenye sahani ya bati, nikafunika kwa kitambaa. Karani aliipokea kwa mikono miwili. Yeye na ndugu yangu walibeba mashine mpaka kwenye gari, na magharibi iliadhiniwa kabla hawajafika barabara kubwa.

Ndugu yangu alianza kazi mwaka mpya. Ni huko alikosikia kwa makarani wengine jambo ambalo yule karani hakutuambia. Jioni ile alikuwa na tikiti ya treni ya saa moja kwenda kwao. Alipomaliza kuishusha kompyuta Mbaraki, treni ilikuwa imeshaondoka, na za siku zilizofuata zilijaa watu wa Krismasi. Kwao yeye ndiye mkubwa, na baba hayuko. Wageni wa kumposa dadake walikuja siku iliyopangwa, wakapokewa na ami yake. Yeye alifika baadaye.

Nimekaa mbele ya waposaji wa wadogo zangu wote. Najua mahali pale ni pa nani.

Kwetu mtu akiletewa chakula kwa sahani, huiosha, akatia chochote ndani, ndipo akairudisha. Sijui nani alimfunza karani desturi hiyo. Mwezi huohuo wa kwanza ndugu yangu alirudi kutoka kazini na sahani yetu, imejaa maparachichi ya kwao. Nilisema nitamrudishia nami kabla ya Idi. Kabla ya Idi karani alihamishwa akapelekwa ofisi yao ya bara, na baadaye akaacha kazi, na ndugu yangu hakupata mtu wa kumwambia aliko.

Maparachichi tuliyala. Sahani iko rafuni mpaka leo, na tone jekundu chini yake, na zamu ya kuipeleka ni yangu.