Mtaa Usio na Kuku

Nyumba ya mtaa wa Cheyo tuliyopangiwa kwa kazi ya mume wangu tuliikuta na picha ukutani: mtaa wa mji fulani wa Ujerumani, maghorofa ya kijivu, barabara ya mawe imelowa, madirisha yote yamefungwa. Jina la mchoraji lilikuwa pembeni, lakini hata Wajerumani wawili watatu waliopita kwetu walitikisa kichwa, hawamjui. Mchoraji huyo hakupamba kitu. Ufa wa ukutani aliuchora kama ulivyo. Picha ile ilinikera na kunivuta. Kila siku niliisogelea na ufagio mkononi, natafuta walau mtu mmoja. Hamna.

"Hiyo ni sanaa," mume wangu alisema.

"Sanaa gani ya mji usio hata na kuku?"

Miaka hiyo watu wa vijijini walikuwa wakihamishiwa vijiji vya Ujamaa. Shangazi yangu, aliyehamishwa kule Nzega, alikuja kwetu na ombi moja: apelekwe kwenye boma lake la zamani, akasafishe kaburi la binti yake. Mume wangu alikuwa kiongozi wa chama mtaani. Aliogopa isije ikasemwa anawarudisha watu walikotolewa. Kila alipoombwa alijibu, "Vuta subira, shangazi," nami nikawa nachemka kimoyomoyo.

Jioni moja shangazi alisimama mbele ya picha, shingo upande.

"Hawa nao walihamishwa lini?"

Mume wangu akacheka. "Hawajahamishwa, shangazi. Kwao baridi, wamejifungia ndani."

"Baridi, na hawajawasha moto?" Akaonyesha mabomba ya moshi juu ya mapaa. "Wanapika na nini? Haya ni mahame, baba."

Nilisogea. Kweli, hakuna bomba lililotoa moshi. Muda wote nilikuwa natafuta watu barabarani, sikuwahi kutazama juu. Mume wangu naye alivaa miwani, akatafuta moshi bomba moja baada ya jingine. Chakula kilipoa mezani.

Jumamosi iliyofuata mume wangu alimpandisha shangazi kwenye lori la Nzega, akapanda naye, nami nikafuata. Boma lilikuwa limemezwa na majani, paa limeanguka. Shangazi alifika palipokuwa na lango, akavua kandambili, akaita, "Hodi!"

Kimya. Akaita tena. Machozi yalinitoka.

Mume wangu ndiye aliyeitikia. "Karibu, shangazi," alisema, akachukua jembe tulilokuja nalo, akatangulia.