Safari ya Buffalo Kufuata Cheti Nilichokiharibu

Kosa lilikuwa langu, nalisema mapema msije mkalisikia kwa wengine. Hapa Louisville natunza wazee majumbani, na mzee wangu anaitwa Frank: miaka themanini na minne, mkewe alishafariki, hana mtoto, na kwa ubishi hana mpinzani. Baba yake alizaliwa Lituania, akatoka huko kabla ya vita kuu ya pili na pasi ya nchi ile mfukoni, akafia Buffalo akiwa bado anasema "kwetu". Frank alimwahidi palepale kitandani kwamba uraia ule utarudi.

Mwanasheria alimweleza waziwazi: faili likikamilika, jibu huchukua mwaka hivi, pengine zaidi. Kinachokula muda ni kukusanya karatasi. Tulikusanya miaka miwili. Basi aliponikabidhi cheti chake cha kuzaliwa nikitunze, nikafanya kile ambacho mtu yeyote aliyekulia kambi ya wakimbizi Kigoma angefanya: nikakipeleka kupigwa laminesheni. Kule turubai likivuja, karatasi isiyo na plastiki inageuka uji. Cheti kikarudi kinang'aa, nikajisifu.

Kikakataliwa. Muhuri wa kutumika nje ya nchi haupigwi juu ya plastiki, na ukibandua plastiki unabandua na wino.

Frank hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Kuomba kingine kwa posta ni miezi. Sijui kama ninayo." Jamani, niliona aibu mpaka nikakosa pa kutazama. Nikamwambia, "Vaa viatu, Mzee. Tunakwenda wenyewe."

Jumatano asubuhi tuliondoka, kiti chake cha magurudumu kimekunjwa nyuma, dawa zake miguuni. Kila baada ya saa moja tulisimama aende msalani, na kila mara alirudi akinilaumu kwamba naendesha polepole.

Columbus tulifika saa tisa alasiri. Mdogo wangu Goreth anakaa Northland, nyuma ya duka la Waafrika barabara ya Morse. Alikuwa ameshasonga ugali, maharage na mboga za lengalenga viko mezani.

"Karibuni! Huyu ndiye Mzee uliyemharibia uraia?"

"Goreth, koma!"

"Si kweli? Mzee, hata cheti changu cha ndoa alikipiga laminesheni kabla mume wangu hajakiona."

Nilipomtafsiria, Frank alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza, "Na nyinyi kambini mlisubiri muda gani kuletwa huku?"

"Miaka kumi na minane," nikajibu.

Akaweka kijiko chini. "Na mimi nalalamikia mmoja."

"Kusubiri ni kusubiri, Mzee," Goreth akasema, akimwongezea maharage. "Kula."

Alhamisi ilikuwa mvua mtindo mmoja. Jioni tukaingia Buffalo, mtaa wa Riverside, kwa Mama Furaha, Mkongo wa Uvira asiyeacha kuchanganya Kifaransa, niliyewahi kufanya naye kazi ghalani Louisville.

"Bon, muingie, baridi itawamaliza! Donc, huyu muzungu alizaliwa hapa, na anatoka mbali hivyo kutafuta karatasi tu?"

"Karatasi tu?" nikamwuliza. "Wewe yako uliipataje?"

Akaenda kuchemsha chai. Yeye pia anajua foleni za karatasi.

Ijumaa saa tatu asubuhi tulikuwa kwenye ofisi ya vyeti. Karani akauliza, "Mwombaji ni nani?" Frank akasimama kutoka kwenye kiti, mkono mmoja umenishika bega. "Mimi mwenyewe." Angeweza kujibu akiwa amekaa, lakini hakutaka. Kabla ya saa sita cheti kipya kilikuwa mikononi mwetu. Nilikifunga kwenye kitenge kiunoni, kama mama alivyofunga kadi ya chakula, na hakikutoka hapo mpaka Louisville. Njiani Frank aliniuliza mara tatu kama bado kipo. Mara tatu nilimwambia aniache niendeshe.

Jumatatu mwanasheria alikikagua, akakitia kwenye bahasha kiende kupigwa muhuri, akatuambia tukipeleke posta. Karani wa kaunta akashika bahasha upande mmoja, mimi nikashika mwingine.

Hapo ndipo vidole vyangu vilipogoma kuachia. Kambini, karatasi halisi haitoki mkononi. Mama aliwahi kumpa afisa ya kwetu, haikurudi, tukaanza foleni upya. Safari nzima nilidhani nafidia kosa la plastiki, kumbe plastiki na vidole hivi ni woga uleule. Cheti nilichokilinda vizuri kuliko vyote ndicho kilichomchelewesha mtu wangu.

"Mama, unaweza kuachia," karani akasema. Watu nyuma yetu wakaanza kuguna.

Frank akanigusa kiwiko. "Mama Neema. Umenipeleka mpaka Buffalo, umenirudisha. Achia."

Nikaachia. Bahasha ikatupwa kwenye kapu pamoja na nyingine, kama haina lolote, na machozi yakanitoka mbele za watu.

"Wewe ulisubiri kumi na minane," Frank akasema. "Nifundishe kusubiri mmoja."

Nikakisukuma kiti chake hadi kwenye gari. "Somo la kwanza, Mzee," nikamwambia. "Leo tunakula nini?"